Je, Imani ni Bei ya Kupona? Fundisho la Mtoto wa Kiyahudi wa Madina

Mzazi anayekesha na mtoto mgonjwa hahitaji kufundishwa falsafa. Falsafa humjia yenyewe usiku. Awe Musoma kando ya ziwa, awe Bunda au Butiama, mtoto akianza tena kulia kwa maumivu swali ni lile lile: Ewe Mola Mwenye rehema, kiumbe huyu amekosa nini? Na kama mzazi huyo ameingia katika Islam siku za karibuni, jamaa zake walio katika dini nyingine humwongezea swali la pili: Wewe umeiacha dini ya baba zako ukaifuata hii, mbona basi mwanao haponi?

Swali la kwanza ni la kale kama binadamu mwenyewe. La pili laonekana dogo, lakini lina hatari zaidi, kwa kuwa linaifanya imani kuwa bei, na afya kuwa bidhaa. Anayelipa imani apewe afya. Asiyepewa afya aone kwamba amepunjwa. Wako waongofu walioirudisha imani yao kwa sababu hiyo, kama mtu arudishavyo dukani kitu kibovu. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, na tuanze na kisa kifupi kilichomo katika Sahihi Bukhari.

Kisa chenyewe

Imepokelewa kwa Hadhrat Anas bin Malik r.a. kwamba alikuwako mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume Muhammad s.a.w. Mtoto huyo akaugua. Mtume s.a.w. akaenda kumzuru, akaketi karibu na kichwa chake, akamwita katika Islam. Mtoto akamtazama baba yake, aliyekuwapo pale pale. Baba akamwambia amtii Abul Qasim, yaani Mtume s.a.w. Mtoto akasilimu. Mtume s.a.w. akatoka nje huku akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumwokoa mtoto yule na Moto.

Ndicho kisa chote. Jina la mtoto halikutajwa, wala la baba yake, wala la ugonjwa wake. Aliyekisimulia, Anas r.a., naye aliingia katika utumishi wa Mtume s.a.w. angali mtoto wa miaka kama kumi, akamtumikia miaka kumi. Huenda basi alikuwa akimsimulia mtumishi mwenzake.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jambo ambalo halimo. Hakuna palipoelezwa kwamba mtoto aliahidiwa kupona akisilimu. Hakuna palipoelezwa kwamba aliinuka kitandani. Mtume s.a.w. hakutoka akishukuru kwa sababu homa imeshuka. Alishukuru kwa jambo jingine kabisa. Basi kama imani ingekuwa bei ya kupona, hapa ndipo mahali ambapo tungelitazamia kuona malipo, na hatuyaoni. Mtoto aliipokea imani akiwa juu ya kitanda cha ugonjwa bila kuwekewa sharti, na bila kuweka sharti.

Je, hakuonewa katika udhaifu wake?

Mtafutaji mwenye haki atauliza hapa: Je, ni halali kumlingania mtu aliye mgonjwa, tena mtoto? Je, huku si kumwinda mnyonge wakati hana nguvu za kukataa? Swali hili ni zuri na halifai kukwepwa, maana hata leo wako watu wanaofanya hivyo hivyo. Humwendea mgonjwa wakamwambia kwamba hataona uzima mpaka aingie katika kundi lao, na dawa zake azitupe.

Yachunguze mambo manne. Kwanza, mtoto huyu alikuwa akimtumikia Mtume s.a.w. akiwa Myahudi. Aliingia na kutoka katika nyumba ile akiwa mzima, na hatusikii kwamba alilazimishwa hata siku moja. Mapatano aliyoyaweka Mtume s.a.w. alipohamia Madina mwaka 622 yaliwaachia Wayahudi dini yao, na Kurani Tukufu katika Sura ya pili, aya ya 257, imekataza kutumia nguvu katika dini. Pili, mazungumzo hayakufanyika kwa siri. Baba alikuwapo, na ilikuwa nyumba ya mgonjwa, si nyumba ya mlinganiaji. Tatu, mtoto alipomtazama baba yake, Mtume s.a.w. hakumkemea wala hakumharakisha, alingoja. Nne, hakuna kitu alichozuiliwa mgonjwa ili akubali, wala kitu alichopewa baada ya kukubali. Baba naye, ambaye riwaya haikusema kwamba alisilimu, hakuguswa.

Nani atasema kwamba huku ni kuwinda? Mtu anayeamini kwa moyo wote kwamba anajua njia ya uzima, kisha akamficha kijana aliyemtumikia na kumpenda, huyo ndiye angestahili kulaumiwa. Kumwambia mtu ukweli unaouamini, mbele ya jamaa zake, kisha ukangoja jawabu lake, ni heshima. Kumtisha au kumhonga ni uonevu, hata kama maneno yanayotumika ni yale yale.

Wala usidhani kwamba Mtume s.a.w. alizuru wagonjwa kwa ajili ya kutafuta wafuasi. Bukhari huyo huyo amepokea kwamba jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake, alisimama. Alipoambiwa kwamba ni la Myahudi, alijibu kwa kuuliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi. Maiti hawezi tena kusilimu. Heshima ile ilikuwa ya utu peke yake. Na alipofariki mwaka 632, vazi lake la chuma la vita lilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri. Kiongozi wa Uarabuni nzima alikuwa mdaiwa wa jirani wa dini nyingine, na haki ya jirani huyo ilihifadhiwa.

Baba yake

Aghalabu tunapokisimulia kisa hiki tunamsahau baba. Nami nadhani waongofu wa mkoa wa Mara, ambako nyumba moja huweza kuwa na Mkatoliki, Mmenonaiti, Msabato na mwenye kushika mila za wazee, wanapaswa kumtazama zaidi. Baba huyu aliona mtoto wake anataka kitu ambacho yeye mwenyewe hakukichukua. Angeweza kumkataza. Mtoto alikuwa mgonjwa, na sauti ya baba ni nzito. Lakini aliyaona macho ya mwanawe, akampa ruhusa.

Ndugu uliyesilimu, kama baba yako au mama yako aliyebaki katika dini yake alikuachia njia, usimhesabu kuwa adui wa imani yako. Huenda ruhusa yake ilimgharimu zaidi ya unavyojua. Nawe uliye mzazi Mwislamu, kumbuka kwamba dhamiri ya mwanao ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwako; si shamba lako.

Maana ya kuokolewa na Moto

Hapa pana swali gumu. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na katika ndoto yake iliyopokewa na Bukhari aliwaona watoto waliokufa katika maumbile hayo, hata wa washirikina, wakiwa bustanini pamoja na Nabii Ibrahim a.s. Ikiwa ni hivyo, mtoto wa Kiyahudi aliokolewa na Moto gani?

Neno la Kiarabu lililotumika katika riwaya, ghulam, huweza kuwa mtoto mdogo au kijana anayekaribia utu uzima. Huyu alikuwa na akili ya kutumwa, ya kufahamu aliloitiwa, na ya kumtazama baba yake kabla ya kujibu. Alikuwa amefika mahali ambapo moyo huanza kuchagua. Nao Moto wenyewe, kama alivyoeleza Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, si mateso yanayoletwa kutoka nje kwa hasira. Hali ya maisha yajayo ni picha ya hali ya roho katika maisha haya. Anayekufa roho yake ikiwa kipofu huamka kipofu. Jumuiya ya Ahmadiyya hufundisha kwamba Jahannamu haina umilele. Ni kama hospitali ambamo roho iliyougua hutibiwa hata ipone. Kurani Tukufu yenyewe, Sura ya 101, aya ya 10, imeiita mama, na mama hachukui mimba ila kwa ajili ya kuzaa.

Ukilifahamu hilo, shukrani ya Mtume s.a.w. itakufunukia. Palikuwa na magonjwa mawili katika chumba kile. Moja lilikuwa la mwili, na hatma yake ilikuwa mikononi mwa Mungu. La pili ni lile linaloweza kumpata kila mtu anayeiona nuru kisha akaogopa kuifuata. Mtoto yule alipona hilo la pili, na kupona huko hakuna mauti yanayoweza kukuondoa.

Mtoto amekosa nini?

Sasa turudi kwa yule mzazi wa Musoma. Tumwambie nini juu ya swali lake la kwanza?

Kwanza tumwambie kwamba mtoto hakukosa kitu. Kurani Tukufu, Sura ya 17, aya ya 16, imeeleza wazi kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Nabii Ezekieli a.s., katika mlango wa 18 wa kitabu chake, alikwisha kuwakataza Wana wa Israeli kusema kwamba mwana hubeba uovu wa baba. Na katika Injili ya Yohana, mlango wa 9, Nabii Isa a.s. aliulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, naye akakana yote mawili. Basi Myahudi, Mkristo na Mwislamu, kila mmoja akishika kitabu chake, hana ruhusa ya kumnyoshea kidole mama wa mtoto mgonjwa. Wala hana haja ya kumtafuta mchawi.

Pili, tumwoneshe jambo lililogunduliwa katika ardhi yake mwenyewe. Uko ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Mtoto aliyeupata huvimba mikono na miguu, huumwa mifupa kwa maumivu makali, na hupungukiwa damu mara kwa mara. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba urithi huo wa damu una uhusiano na malaria. Mwaka 1956 akatoa hesabu za watu wa wilaya ya Musoma. Katika watoto wachanga 287 waliopimwa, 9 walikuwa wameurithi kwa baba na kwa mama pia. Hao ndio wagonjwa. Katika watu wazima 654, wenye hali hiyo walikuwa 5 tu. Yaani kwa watoto ni kama watatu katika mia, na kwa wakubwa hata mmoja katika mia hawafiki. Msomaji, unajua walikokwenda wale wengine. Walizikwa wangali wadogo.

Lakini hesabu hizo hizo zina upande wa pili. Walioirithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu hawaugui selimundu, na malaria haiwaui kwa urahisi. Hao walikuwa 89 katika wale watoto 287, yaani kama 31 katika mia. Na kati ya watu wazima walikuwa 249 katika 654, yaani kama 38 katika mia. Waliongezeka kwa kuwa walisalimika na malaria ambayo iliwaua wenzao. Kitu kimoja, kikirithiwa nusu, ni ngao. Kikirithiwa kizima, ni ugonjwa. Wazazi wawili wenye nusu nusu wanapopata mtoto, katika kila mimba pana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa.

Tafakari maana yake. Sheria za Mungu katika maumbile ni za wote, wala hazigeuzwi kwa ajili ya nyumba moja. Kinga iliyowahifadhi mababu wa pwani ya ziwa kwa vizazi vingi imekuwa ikilipiwa na maumivu ya watoto wachache. Mtoto wa selimundu, asiyeweza kutembea leo kwa maumivu, anabeba gharama ya kinga iliyowaacha hai ndugu zake na jirani zake. Basi yeye hana deni la dhambi kwa mtu yeyote. Sisi ndio wenye deni kwake.

Sidai kwamba maelezo haya yatakausha machozi ya mama. Hayakuletwa kwa kazi hiyo. Mtume s.a.w. mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, na jua lilipopatwa siku hiyo aliwakataza watu kusema kwamba limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Machozi aliyaruhusu, uzushi aliukataa. Seyidna Ahmad a.s. naye alimuuguza kwa bidii kubwa mwanawe Mubarak Ahmad, akimhangaikia kwa dawa na kwa dua, na mtoto akafariki Septemba 1907 akiwa na miaka minane. Baba aliyekuwa akihangaika hadi pumzi ya mwisho, mara alipoijua hukumu ya Mola wake, aliikubali kwa moyo mtulivu, akawa yeye ndiye awatulizaye wengine. Kama imani ingekuwa bei ya kupona, nani angekuwa na ya kutosha kuliko Mitume wa Mungu?

Na dua je?

Utasema: Kama ni hivyo, kwa nini tuombe? Wakumbuke Watanzania mwaka 1999. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu, amelazwa London. Taifa zima lilimwombea, misikitini na makanisani. Tarehe 14 Oktoba akafariki, na mwili wake ukarudishwa Butiama kuzikwa katika ardhi ya wazee wake. Je, dua zile zilipotea? Zilizoombwa kwa moyo safi hazikupotea. Mwenye kuomba hamwamrishi Mungu. Anamkabidhi jambo lake. Dua humpa mgonjwa uzima wakati mwingine. Wakati mwingine humpa subira, au humpa aliyebaki nguvu ya kuishi. Wajibu wetu ni kuomba kama kwamba dawa haipo, na kutibu kama watu wanaojua kwamba Mtume s.a.w. amefundisha kuwa Mungu hakushusha ugonjwa bila kushusha tiba yake.

Kwa hiyo mama anayempakia mtoto wake katika basi la Mwanza, akapita Bunda akielekea hospitali ya Bugando, hajaipunguza imani yake. Yuko katika ibada. Leo iko dawa, haidroksiyurea, inayopunguza mashambulio ya maumivu ya selimundu. Kuitafuta ni sehemu ya dua.

Tufanye nini?

Ndugu msomaji, mtoto wa Madina alikuwa mtumishi, na Mtume s.a.w. ndiye aliyemwendea. Hakutuma mtu. Hakungoja hadi apone arudi kazini. Aliketi karibu na kichwa chake, mahali ambapo mgonjwa husikia bila kujitahidi na huonekana uso wake. Wayahudi nao wameamrishwa na dini yao kuzuru wagonjwa. Kwa hiyo baba yule alimfahamu mgeni wake kabla hajasema neno.

Basi mzuru jirani yako mgonjwa, wa dini yako na wa dini nyingine. Mtoto akipungukiwa damu, jitolee damu yako ikiwa afya yako yaruhusu. Wanaotaka kuoana wakapime damu yao, wajue mapema wanachobeba. Usimwambie mama kwamba mtoto angepona kama angekuwa na imani zaidi. Neno hilo ni jiwe juu ya kifua kilichokwisha kulemewa. Na kama wako wa karibu anakuuliza njia, mwambie ukweli wako kwa upole, kisha ungoje, kama alivyongoja Mtume s.a.w. wakati mtoto akimtazama baba yake.

Nawe mtafutaji, ambaye bado hujaamua, usije kwetu kwa kutumaini kwamba nyumba yako haitaingiwa tena na ugonjwa. Itaingiwa, kama zilivyoingiwa nyumba za Mitume. Njoo ikiwa umeuona ukweli. Na jamaa wakikuuliza mbona mwanao haponi, wajibu kwa utulivu kwamba hukuinunua imani yako ili uuziwe afya. Umempata Mola ambaye unaweza kuketi Naye usiku kucha kando ya kitanda hicho, mtoto apone au asipone.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wote, wa kila dini na kila kabila, awape wazazi wao subira, na atufanye sisi kuwa miongoni mwa wale wanaokwenda kuketi karibu na kichwa cha mgonjwa. Amin.